Komeo la Nje ya Mlango

Hezron Amugune alikuwa katika mwaka wake wa pili kama dereva wa nyumba moja Al-Suwaidi, Riyadh. Kabla ya kupata ikama, kibali cha kuishi na kufanya kazi huko, alikuwa fundi wa plasta na sakafu kule Mbale, na bosi wake alilijua hilo. Basi Januari ya 2014, baridi ikiuma na vumbi likipenya kila mahali, bosi alimwita gerejini.

“Gari litalala nje kuanzia leo. Hapa nataka chumba. Joto lisiingie, baridi isiingie, vumbi lisiingie. Unaweza?”

“Naweza, baba. Chumba cha nani?”

“Wewe fanya kazi. Yalla.”

Kesho yake vifaa vikashushwa: mabamba ya foamu ngumu ya kubandika ukutani, bodi za jipsamu za kuzifunika, silikoni, ukanda wa mpira wa kuziba nyufa za mlango, na mabunda mazito ya zulia la mpira, lile la kwenye vyumba vya mazoezi. Hezron aliuliza mbona si vigae. Bosi akasema vigae ni vigumu na vina kelele. Kisha akampa komeo la chuma, refu kama kiganja.

“Hili utaliweka mwisho. Kwa nje.”

Saa ya chakula cha mchana, Selipher alimpitishia sahani ya wali kwenye dirisha la jikoni kama kawaida. Yeye ndiye aliyekuwa mfanyakazi wa ndani, mama wa watoto wawili kutoka Ugenya, na dirisha lake lilitazamana na gereji.

“Baba Mercy,” alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake, “hicho chumba unachojenga ni cha kumfungia nani?”

“Labda ni stoo.”

“Stoo ya zulia? Mchele ndio utalalia zulia?” Alitazama nyuma, akashusha sauti. “Jana madam alikuwa kwa simu. Kiarabu changu ni kidogo, lakini jina langu nalijua. Alisema Selipher, akasema gereji, halafu akasema mafi barra. Kutoka nje hakuna.”

Hezron alimrudishia sahani. Pasi zao za kusafiria, zote mbili, zilikuwa kwa bosi. Tena walishasikia habari za wasichana waliofungiwa wiki nzima kwa kuomba tu kurudi nyumbani.

Hata hivyo aliendelea na kazi, maana kuikataa kungekuwa kujitafutia tiketi ya kurudishwa nyumbani. Sakafu ya gereji ilikuwa na mteremko wa kutolea maji, akaisawazisha kwa saruji. Ilipokauka akabandika foamu, akafunika kwa jipsamu, akaziba kila ufa, akatandika zulia, kisha akapigilia ukanda wa mpira kuzunguka mlango. Kila siku chumba kilizidi kuwa kimya. Hatua zake mwenyewe hakuzisikia tena.

Siku madam, mke wa bosi, alipokwenda kwa dada yake, Selipher alikuja akasimama mlangoni.

“Nifungie. Nataka kujua.”

Aliingia, Hezron akarudishia mlango, akasimama pale pale nje. Akasikia kitu kama mtu anayeongea nyumba ya tatu. Selipher alipotoka, shingo yake ilikuwa imevimba mishipa.

“Umesikia nini?”

“Kidogo sana.”

“Nilikuwa nikiita jina lako kwa nguvu zangu zote.”

Jioni hiyo Hezron alimwambia bosi kwamba skrubu za komeo zilikuwa fupi, hazishiki. Ulikuwa uongo. Bosi akasema, “Halas, basi, tutaliweka tukirudi. Kesho tunaenda Jeddah.”

Walisafiri siku nzima, na Hezron akajiuliza ni mfanyakazi gani mwingine anayekwenda kuchukuliwa. Asubuhi iliyofuata bosi alimwelekeza mtaa wa Ruwais, kwenye nyumba ya zamani karibu na bahari. Mlango wake ulikuwa na mnyororo na kufuli. Ndani alikaa bibi kizee mwenye bandeji kwenye paji la uso, mkoba mapajani.

“Mama yangu,” bosi alisema. “Anasahau. Ametoka mara mbili mpaka barabarani. Mara ya pili gari lilimgonga.”

Bibi alimkazia Hezron macho. “Huyu ananipeleka wapi?” Akakataa kunyanyuka. Bosi, mtu ambaye Hezron hakuwahi kumwona akiinama, alipiga magoti akamvika viatu, huku akimbembeleza kama mtoto.

Hapo Hezron akaelewa zulia laini: mama akianguka asiumie. Komeo pia. Ila kwa nini madam alimtaja Selipher, bado. Walipokuwa wameiacha Taif nyuma, bibi amesinzia, alijipa moyo.

“Baba, na Selipher?”

“Atalala naye. Usiku nitafunga kwa nje. Mama asitoke.”

“Baba, chumba kile nimekiziba mimi. Selipher alipiga kelele ndani, mimi niko mlangoni, nikamsikia kwa mbali tu. Moto ukiwaka? Mama akizidiwa?”

Bosi aligeuka kumtazama mama yake. Walipita vituo viwili vya mafuta. Kwenye cha tatu bosi alishuka, akarudi na chai.

“Na mama akitoka akafa, utaniambia nini?”

“Komeo likae ndani, juu kabisa, mkono wake usifike. Na kengele iende chumbani kwako.”

Bosi alikunywa chai yake yote kabla ya kusema, “Tayib. Fanya hivyo.”

Walipofika Riyadh Hezron alimweleza Selipher, akidhani angefurahi. Yeye alimsikiliza dirishani, mikono ikiwa kwenye maji ya vyombo, kisha akasema, “Kwa hiyo nimepangiwa mgonjwa usiku na mchana, na hakuna aliyeniuliza.” Jioni akaenda mwenyewe kwa madam, akaomba simu ya kukaa nayo chumbani na siku moja ya kupumzika kila wiki. Simu alipewa. Kuhusu siku, aliambiwa inshallah.

Bibi naye hakumwamini. Siku tatu alikataa chakula mpaka Selipher aonje kwanza, kila sahani, hata maji. Siku ya nne Selipher alionja mchuzi kabla ya kuambiwa. Bibi akamtazama, akamnyang’anya kijiko, akaanza kula.