Mibembeo Hamsini

…kumi na moja, kumi na mbili, na kidole kinaifuata gololi ya chuma inavyobembea kwenye uzi, huku na huku, kama mtu anayehesabu ng'ombe wakitoka zizini, na midomo nayo inatembea, Mungu wangu, kidato cha tatu huyu, anahesabu kwa midomo, na ndiye Herieth aliyepangwa naye, Herieth wa Mkondo A, ubavuni mwa Shija wa Mkondo C, meza moja, uzi mmoja, eti leo mchanganyike, ndivyo alivyosema Sista Coleta asubuhi paredini wakati baridi inawang'ata hadi kwenye kucha, wa C atakayefaulu atapanda, wa A atakayeshindwa atashuka, kushuka wapi sasa, kule chumba cha nyuma ya jiko ambako fizikia ni kunakili ubaoni huku moshi wa maharage unaingia dirishani, ambako muhula ujao fizikia yenyewe wataiacha kabisa, chumba cha vilaza, hata nzi wa mle wanasinzia… kumi na tisa, ishirini… na anavyoikazia macho hiyo gololi utadhani itamjibu, hajui kwamba jibu liko tayari tangu uzi haujafungwa, jedwali zima limejaa, urefu wa mita moja, mibembeo hamsini, sekunde mia moja nukta tatu, safi, Herieth aliyapika majibu nyumbani Majengo jana akinywa chai, unaanza na jibu unarudi nyuma, mvuto wa dunia, tisa nukta nane, unatia makosa madogo hapa na pale kama chumvi, basi, A nzima wanapika, na saa ya kubonyeza iko kiganjani mwake baridi kama chura, kidole gumba hakijagusa kitu, ya nini kuichosha betri… “Heri,” Rahel ananong'ona meza ya pili, “umeshaivisha?” “Zamani.” “Na huyo mchunga wako?” “Namwacha ahesabu, afurahi,” na Rahel anacheka ndani ya sweta, lakini Shija hageuki, ishirini na nne, ishirini na tano, kama hajasikia, au amesikia, watu wa hivi huwezi kujua, wanakaa kimya kama mifuko ya mahindi… na mwalimu Wilibrodi huyo, anapita na rula mgongoni, “Mstari, mabinti, nataka mstari ulionyooka kama lami ya Laela, anayeniletea jibu tofauti anieleze dunia imekosea wapi,” na wote wanacheka kwa sababu ni lazima, mzaha uleule tangu kidato cha kwanza, tumbo mbele, chaki sikioni, mtu ambaye hajawahi kufunga uzi huu mwenyewe, anasahihisha kwa kulaza rula juu ya grafu, ikilala vizuri umefaulu, isipolala umeliwa, kama Cornelia… Cornelia alikuwa A, akapima kweli, nukta zake zikatawanyika kama ulezi uliomwagika, akashushwa wiki ileile akibeba dawati lake mwenyewe kukatisha uwanja, na wao wote madirishani, na nani alicheka kwa nguvu kuliko wote, basi mwache, mjinga yule, nani alimtuma apime… thelathini, thelathini na moja… na mama dukani akikunja vitenge, “Mwanangu yuko A, fizikia anaila kama ugali,” anawaambia wateja hata wasiouliza, akimwona Herieth na dawati kichwani atauficha wapi uso… “Dada Heri.” Nini tena. “Umeona? Mwanzo ilikuwa inafika hapa kwenye mguu wa stendi, sasa haifiki. Imepungua.” Lazima ipungue, kuna hewa, kuna msuguano, hata mtoto anajua. “Lakini haiharakishi wala haichelewi,” Shija anasema, macho hayabanduki, “inatembea kidogo ila inachukua muda uleule, thelathini na sita, ajabu eh, kama haitaki kutuangusha,” na Herieth anataka kucheka, ajabu gani, muda wa mbembeo hautegemei upana wake, sentensi hiyo ameiandika mara ngapi, ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu, amepewa alama zote, mwandiko mzuri, wanafunzi wengine waige… anatazama. Kwa dharau tu anatazama. Gololi inakwenda, inarudi, njia fupi kuliko ile ya kwanza, na kweli haina haraka, na kweli haichelewi, na hajawahi kuiona, miaka mitatu maabara hii na hajawahi kuiona hata mara moja, alikuwa anaangalia karatasi, wote waliangalia karatasi, Rahel pale uzi wake umesimama wima kama kamba ya ndoo kisimani na bado anaandika, anaandika, vichwa vya shule hivyo, mapambo ya Sista, wapishi… arobaini na nane, arobaini na tisa… “Hamsini! Saa inasema ngapi?” na viatu vya Wilibrodi vinakuja, na jibu liko hapa, mia moja nukta tatu, aseme tu, yeye abaki A, Shija apande, si ni sadaka hiyo, nani ataumia, mdomo umeshafunguka… kiganjani kuna sifuri tupu. “Sikubonyeza.” “Unasemaje?” “Sikubonyeza saa, Shija.” “Yaani nimehesabu bure,” Shija anasema polepole, sasa anamtazama usoni, na macho yale si ya mfuko wa mahindi hata kidogo, “halafu nyie ndio A.” “Tuanze tena.” “Kengele imekaribia, tutapata safu mbili tu, atatushusha wote, mimi sina hata pa kushuka.” “Tupate mbili.” “Na hizo zako ulizojaza?” Herieth anakata, mstari mmoja mrefu juu ya jedwali zima, kalamu inachana karatasi, na meza ya pili Rahel anaguna, “We, umerogwa?” na Shija anasonya, anaivuta gololi pembeni, anaishika kwa ncha za vidole, “Basi bonyeza kweli, nitakuangalia,” anaachia, kidole gumba kinashuka, saa inalia, tarakimu zinaanza kukimbia, moja, mbili, tatu, na mwalimu yuko nyuma yao sasa, anapumua, rula mkononi, nne, tano, na Herieth hageuki, kwa sababu namba inakuja na hajui ni ipi.