Mkwaruzo Ulio Juu ya Besi

Kazi yangu ni kufunga muziki kwenye magari. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuunguza spika zangu mwenyewe, na kila iliyoungua iliniachia sheria moja. Kubwa kuliko zote ni hii: kitufe cha kuongeza besi kikae sifuri mpaka amplifaya ipate kipimo chake. Sauti ya redio unaiweka robo tatu, halafu unapandisha nguvu ya amplifaya polepole, umetega sikio, hadi usikie mkwaruzo mwembamba kama kucha juu ya turubai, dalili kwamba spika imeanza kuzidiwa. Hapo unarudi nyuma kidogo. Ndipo unaongeza besi, kwa kuionja tu, huku ukisikiliza tena.

Jumanne asubuhi, dereva mmoja tunayemwita Tumbo alileta spika kubwa mpya.

"Fundi, nataka besi ya kuwatoa watu ndani ya nyumba zao."

"Nitakupa inayotosha."

"Inayonitosha mimi au wewe, mzee wangu? Siku hizi umekuwa mchoyo wa raha."

Mke wangu, anayeshona viti vya magari upande wa pili wa banda, alicheka bila kuinua macho. "Shemeji, usimchokoze. Akinuna, gari lako litaondoka bubu."

Nilifunga spika, nikaanza kupima. Besi ilinigonga kifuani, safi. Nikapandisha tena. Safi. Nikajiambia, hii spika si mchezo. Nikaongeza besi kidogo, kisha nusu, nikingoja mkwaruzo uniambie basi. Haukuja. Tumbo alikuwa amekunja uso. Nilidhani ni utamu.

Mke wangu alinishika bega kwa nyuma. "Baba watoto, zima! Inakwaruza!"

Nilizima. Harufu ya gundi iliyoungua ilikuwa imeshajaa ndani ya gari. Niliibonyeza spika kwa vidole. Ilikuwa imekwama.

Tumbo hakufanya utani tena, na hilo ndilo lililoniuma. "Nilidhani unajua unachofanya, fundi."

"Nitakuwekea nyingine."

"Utaweka." Aliniangalia kwa huruma. "Sasa nani ataipima?"

Alipoondoka nilimuuliza mke wangu alijua tangu lini kwamba siusikii mkwaruzo.

"Mwaka sasa. Nikisikia imeanza kukwaruza, nakuuliza kama utakunywa maji. Ukigeuka kunijibu, unaachia kitufe."

Mwaka mzima nilimwona mke anayenijali kwa maji.

"Na leo?"

"Leo nimekuuliza mara tatu."

Besi naisikia bado, kwa sababu besi huingia hata kwenye mifupa. Mkwaruzo hukaa juu yake, kwenye sauti nyembamba, na huko ndiko masikio yangu yalikokufa bila kuniaga.

Nilichukua spika yangu ya majaribio, nikaiunganisha mezani. "Inua mkono ikianza," nikamwambia.

Nikapandisha. Mkono wake ulikwenda juu mapema mno, kabla sijafika hata kwenye kipimo ambacho ningemwekea mteja. Nilijua la kufanya; nimewaambia watu mia. Sikurudi nyuma. Nilitaka niusikie mara moja tu. Niliinama hadi sikio likagusa spika, nikazungusha kitufe cha besi chote, hadi mwisho. Ilikuwa safi. Safi kabisa. Mke wangu alikuwa bado ameinua mkono, midomo yake ikisema kitu, na moshi ulipoanza kutoka nilikuwa bado nasikiliza.