Urefu wa Mikono ya Gaël

…na mita mbili na sentimita saba, anasema Kocha Okech, bila viatu, Mama Gaël, bila viatu, na akiinyoosha mikono inazidi urefu wake kwa sentimita kumi na nne, huyu mzee Mmarekani amempima mwenyewe asubuhi pale ukutani, amerudia mara mbili akidhani utepe umekosea, na mimi naitikia kwa kichwa, ndiyo Kocha, ndiyo, kana kwamba ni habari mpya, kumbe namba hizo nilisomewa juzi Alhamisi kwenye simu, hizohizo, kumi na nne, ila aliyenisomea hakuwa anafurahi… na Mmarekani anafurahi, amepanda ngazi za jukwaa kuja kunisalimia wakati huu wa mapumziko, ameketi kando yangu na daftari lake magotini, mzee mwenye mvi na viatu vipya vyeupe, ametoka kwao na ndege kuja huku kwa Waswidi, Hallunda, Hallunda jamani, kumtazama mwanangu akicheza mpira wa kikapu, na Okech yuko upande wa pili ananitafsiria, na chini kule watoto wako benchi na taulo mabegani, Gaël wangu akiwa ameketi bado anawazidi waliosimama, anahema, namwona mabega yanapanda na kushuka, kila yakipanda nahesabu, yakishuka naanza tena… anasema mikono kama hii hajaiona miaka mingi, anasema Okech, anasema vidole vile unaweza kumfundisha mtu kila kitu kasoro vidole, na mimi nasikia sauti ya daktari, yule mwanamke mpole wa kwenye simu, vidole vyake virefu, aliniambia, na viungo vyake vinalegea, na lenzi ya jicho imeteleza kidogo, ndiyo maana mtu wa miwani alimleta kwetu, na tulipopiga picha ya moyo tukaona mshipa ule mkubwa unaotoka juu umetanuka, umetanuka sana kwa umri wake, akataja jina la ugonjwa, jina la Mfaransa fulani wa zamani, akasema huyo kijana njooni naye Jumatatu na mpaka hapo asikimbie, asinyanyue kitu kizito, unanielewa mama, asicheze, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi kule Rissne, bakuli la uji la mzee mmoja mkononi, nikasema nimeelewa, nikarudi nikamlisha yule mzee uji mpaka ukaisha, nikamfuta mdomo, nikaelewa kweli nilipokuwa nafunga koti.

Ningemwambia jioni ileile. Nilipanda treni kwenda nyumbani Hjulsta nikiwa nimeyapanga maneno, kituo kwa kituo, na nikafungua mlango nikamkuta anapiga pasi, mwanangu ambaye hajawahi kupiga pasi hata suruali ya kanisani, anapiga pasi jezi, ameinama kama mtu anayeosha uso mtoni, nikasema Gaël, akasema lugn, mamma, tulia mama, siiunguzi, akacheka, nikaona meno yake, nikasema umekula, basi, hilo tu ndilo lililotoka, umekula… na Ijumaa nikasema siku moja tu, Mungu wangu, miaka sita anaamka gizani kwenda mazoezini kwa Okech, shule zenyewe zinamshinda, hesabu zinamshinda, Kiswidi cha kuandika kinamshinda, kitu kimoja tu duniani hakijamkataa, acha huyu Mmarekani amwone siku moja, amtamani tu, halafu Jumatatu, Jumatatu nitamwambia, mshipa uliovumilia miaka kumi na saba hautashindwa kuvumilia Jumamosi… ndivyo mama alivyofikiri, mama mzima, nikapika maharage na ndizi ale ashibe.

Mama Gaël, anaita Okech, mama, unasikia? Anasema chuo kinalipa kila kitu, masomo, chakula, malazi, miaka minne, ila wanataka kumjua, familia yake, wazee wake. Naam, nasema. Anauliza ulisema baba yake naye alikuwa mrefu? Mrefu, nasema, mrefu kuliko mlango, fundi seremala, pale Buyenzi, mtaa wetu wa zamani, watoto walimwita Ngazi, na Okech anatafsiri na Mmarekani anacheka, anaandika, anauliza kitu kingine kwa sauti ya chini, ya adabu, na Okech ananigeukia, anauliza samahani lakini baba yake alikufa kwa ugonjwa gani?

Ugonjwa gani… daktari naye aliniuliza hivyo, kuna mtu katika familia aliyekufa ghafla, nikamjibu upesi, hapana, mume wangu alilishwa sumu, naye akauliza taratibu, alilalamika nini kabla ya kufa, nikasema mgongo, akasema mgongo wapi, nikasema katikati ya mabega, alisema unapasuka, akasema aha, aha tu, na mimi tangu Alhamisi naizunguka ile aha kama mtu anayezunguka shimo… Évode alikuwa amesimama mbele ya meza yake ya kazi, saa sita mchana, anapiga randa mbao za kitanda cha watu, akaacha randa, akasema Vénantie, mgongo wangu, mgongo unapasuka, akaketi kwenye maranda, uso umekuwa wa majivu, na kabla sijamaliza kumfungua shati akawa hayupo, miaka thelathini na minne, hakuwa ameumwa hata malaria mwaka ule, mtu mzima hafi hivyo, walisema watu, mtu hafi hivihivi, ule mwaka wa tisini na nane, wa vita, kila mtu alikuwa anatafuta adui wake, na wakauliza amekula nini, amekunywa nini, nani alimpa, na pale juu ya meza kati ya misumari palikuwa na kikombe, chai ya tangawizi, cha Ziada, jirani yetu, mjane, aliyemletea chai kila asubuhi kwa sababu Évode alimtengenezea mlango bila kumtoza, na mimi… walisema wao lakini kidole kilikuwa changu, nilinyoosha kidole kwenye kikombe, sikusema neno, nilinyoosha tu, na Ziada alikuja mbio na kanga ya kichwani mkononi kuja kulia nasi, akakuta tunamtazama. Kabla ya jua kutua walikuwa wameng'oa mabati ya nyumba yake. Aliondoka na wanawe watatu kuelekea barabara ya Uvira, na mdogo wao alikuwa amebebwa mgongoni amelala, na Ziada alinitazama, hakunilaani, afadhali angenilaani, alisema Mama Gaël, nami nilimpenda kama ndugu yangu. Na nikamchukia kwa neno hilo miaka kumi na moja, kambini Kigoma nilimchukia, kwenye ndege nilimchukia, nilipojifunza kutembea kwenye barafu nilimchukia, chuki ilinipa joto… haikuwa chai. Haikuwa chai, Ziada. Ulikuwa mshipa wake. Alizaliwa nao, akamwachia mwanangu pamoja na mikono, na wewe sijui uko wapi, sijui kama uko, na wanao sijui walilala wapi usiku ule, na hakuna njia ya kukufikia duniani, nimetafuta kichwani tangu Alhamisi, hakuna hata mtu wa kumpigia.

Mama Gaël, anasema Okech, mzee anangoja.

Moyo, nasema. Mwambie ni moyo, Kocha. Mshipa wa moyo ulipasuka.

Na Okech ananitazama, kisha anamgeukia Mmarekani na kusema neno moja fupi la Kiingereza, na Kiingereza sijui lakini neno hilo nalijua, kila aliyepita kambini analijua, amesema vita. Alikufa vitani. Na Mmarekani anafumba macho, anaweka kiganja juu ya mkono wangu, anasema pole ya kwao, anafunga daftari. Kocha, nasema, hukusema nililosema. Mama Gaël, ananiambia kwa upole, bila kuacha kutabasamu ili mzee asishtuke, tafadhali, zimebaki dakika ishirini tu za mchezo, baada ya hapo anasaini, hayo mengine tutayaongea Jumatatu… Jumatatu, anasema, si mtu mbaya Okech, amemnunulia mwanangu viatu vingapi, anampenda, mimi pia nampenda, tumekaa hapa wawili tunampenda na kila mmoja ana Jumatatu yake mfukoni, na chini kule mwamuzi ameanza kuuangalia mkono wake wenye saa, Gaël anaondoa taulo shingoni, anajinyoosha, ee Mungu mikono ile… atanichukia. Najua atanichukia, si wiki, si mwaka, atalala kwenye kitanda kile nilichokiongezea benchi miguuni na kugeukia ukuta, hatajua kamwe kama mshipa ungepasuka kweli, atajua tu kwamba angeweza kuwa na Amerika na mama yake akaingia uwanjani, mbele ya watu wote, na koti la kazi, na pengine mshipa utapasuka tu, kitandani, kwenye basi, daktari hakuniahidi chochote, hakuna ninachomnunulia kwa kumwibia hiki, pengine siku chache tu za kunichukia… nimesimama, Okech amenishika mkono wa koti, mama, mama keti, nauchomoa, nashuka, ngazi moja, ngazi ya pili, watu wanasogeza miguu nipite, na Gaël ananiona, juu ya vichwa vya wenzake wote ananiona, anatabasamu, na ule mkono wake mrefu anaunyoosha kuja kwangu, kiganja wazi, akidhani nimemletea maji.