Dirisha Lililokuwa Nyuma

Wairimu, Mkenya, ni jirani yetu hapa Al Mansoura, Doha, mlango kwa mlango. Goti liliponishika mwaka 2011, yeye ndiye aliyenipeleka hospitali mara nne, na kiti cha magurudumu akakisukuma mwenyewe. Kwa hiyo Ijumaa ile alipoingia macho mekundu, kompyuta ya kazini kwapani, moyo ulinipasuka.

"Shosho, wananirudisha nyumbani," akasema; ndivyo waitavyo bibi kwao. "Safari tatu zimefutika kwa kompyuta yangu, wageni wakaachwa kiwanja cha ndege. Mudir, meneja wetu, amesema ikifutika ya nne, nifungashe virago."

Kazi yake ni kupangia madereva safari katika kampuni ya magari. Na programu wanayotumia kaitengeneza nani? Mjukuu wangu Faraji, aliyekuwa amekaa pale pale anakula.

"Programu haifuti yenyewe, dada," Faraji akasema. "Ni mkono wako."

"Mkono wangu una nini? Si ulijigamba programu yako ni moto?"

"Basi, jamani," nikasema. "Wewe mume wangu Faraji, nawa mikono ulete hiyo kompyuta. Na wewe mwanangu, fanya vile vile ufanyavyo kazini."

Wairimu akaifungua. Kioo kilikuwa na madirisha mawili: mbele ramani ya magari, nyuma orodha ya safari, imechungulia upande mmoja tu. Kiingereza sikijui, ila kuhesabu nilifundishwa, nikaihesabu ile mistari. Saba. Wairimu akaigusa orodha kwa kipanya, akabonyeza ije mbele. Ikaja. Nikahesabu tena. Sita.

"Umefuta nini, mwanangu?"

"Sijafuta, Shosho! Nimeiita tu ije."

"Kitendawili!" nikasema.

"Bibi, si sasa," Faraji akalalamika.

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Nimepiga hodi mlangoni, chungu kimevunjika jikoni."

Hawajui.

"Nipeni mji."

"Chukua Doha," Wairimu akasema, akacheka kidogo, kicheko cha kwanza siku ile.

"Nimekwenda Doha, nimekula, nimeshiba. Jibu ni programu yako, mume wangu. Kwetu mtu hupiga hodi, akaitikiwa karibu, ndipo akaingia. Huyu kapiga hodi tu, na chombo kimeshavunjika."

Faraji akakishika kipanya, akajaribu mwenyewe. Sita zikawa tano. Akazirudisha upesi zote mbili, zikawa saba tena.

"Pale anapobonyeza pana kitufe cha kufuta," akasema taratibu. "Dirisha linakuja mbele, na kitufe nacho kinabonyezeka papo hapo. Mbonyezo wa kwanza ulipaswa kuleta dirisha tu. Wa pili ndio ufanye kazi."

"Basi mwambie mudir."

"Bibi, nikisema kosa ni langu, hawanipi kazi tena."

"Na usiposema, huyu anapanda ndege."

Faraji akatoa simu mfukoni. Akampigia mudir, akaeleza kwa Kiarabu chake cha kuungaunga. Mudir alifoka mpaka nikamsikia nilipokaa. Faraji akawa anaitikia tu. Alipokata simu alisema, "Amesema nitengeneze kesho, bila malipo. Wewe dada, Jumapili uende kazini kama kawaida."

Wairimu akamtandika kofi la bega. "Mkono wangu, eh?"

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe, lakini utanisikia mwaka mzima!"

Namshukuru Mungu kwa binti yule, hakuondoka. Na kwa mjukuu wangu nashukuru zaidi, maana kunyamaza kulikuwa rahisi, na hakuna ambaye angejua.