Moyo Uliobaki Shambani

Ernestine alikuwa akichambua maharage nje ya nyumba yake kijijini Misunkumilo, mbuzi wake aliporudi akipepesuka. Ndiye kiumbe pekee aliyebaki naye tangu mumewe, Didace, afungwe. Mbuzi akalala kizingitini huku mate yakimtoka. Alivuta pumzi moja, akakaa muda mrefu kabla ya kuvuta nyingine.

Akampigia simu Deo, bwana mifugo. Deo alikuja na pikipiki, akamnusa mbuzi mdomo.

“Amekula bangi huyu, mama. Ikimzidi mnyama, pumzi inapungua, mapigo ya moyo yanashuka. Wengi wanaamka wenyewe.”

Akaweka kipimo kifuani, akasikiliza kushoto, kisha kulia.

“Mapigo hayapo.”

“Mbona anapumua?”

“Anapumua. Moyo ndio hajarudi nao.”

Wakaenda kuutafuta. Ulisikika ng'ambo ya uzio, ukidunda polepole ndani ya mahindi ya jirani yake, Obadia. Katikati ya shamba mahindi yaliisha, ikaanza bangi, imepaliliwa vizuri, ndefu kumpita Deo. Moyo ulidunda chini ya udongo, na kila ulipopiga majani yalitikisika.

Ernestine akakaa chini palepale. Bangi iliyomfunga Didace ilikuwa miche michache tu, ilikutwa mpakani mwa shamba lao na la jirani. Aliyesimama mahakamani kusema ni ya Didace alikuwa Obadia.

Obadia mwenyewe akatokea, jembe begani. Akawasalimia, akasikiliza.

“Ni wenu huo?”

“Wa mbuzi wangu.”

“Basi uchukueni, mama.”

Deo alichimba. Kila alipochimba, moyo ulisogea mbele kidogo. Obadia akawaletea maji ya kunywa.

Majirani nao walikuja kusikiliza. Wakakubaliana kwamba moyo unadunda kweli, na kwamba bangi ni nyingi. Wakakubaliana pia kwamba Obadia ni mtu mwema, na mashine ya kusaga ni yake. Wakarudi makwao, Deo naye akaacha kuchimba.

Kesho yake mbuzi aliamka, akala majani, akatoa maziwa kama kawaida.

Jumapili Ernestine alikwenda gerezani, akamweleza Didace yote.

“Na usiku unalala peke yako?” akauliza.

“Nimesogeza kitanda ukutani, upande wa shamba. Nausikia ukidunda.”

Didace akatikisa kichwa kukubali. Askari akasema muda umekwisha.