Tarishi wa Njia ya Chemba

Kitambaa cha kifurushi, kilichorudishwa kutoka Chemba, kilikuwa na matundu matatu. Sostenes alikiinua kuelekea dirishani, na mwanga wa asubuhi ukapenya kwenye matundu hayo, yakamtazama kama macho ya mshitaki. Alikuwa amekishona kwa mkono wake, mishono kumi na mitatu, akapiga lakiri. Huo ndio uliokuwa mwiko wa kazi yake tangu alipoacha utarishi wa boma akaanza kupeleka barua na vifurushi vya wenye maduka wa Dodoma, kwanza kwa miguu, kisha kwa baiskeli moja, na sasa kwa mbili: kilichoshonwa hakifunguliwi na mtu ila yule aliyeandikiwa.

Mwezi mzima vifurushi vya Chemba vilikuwa vikichelewa na kutoboka. Ni mwezi huo huo aliposogeza safari kutoka alfajiri hadi saa mbili, ili wateja wamalize kuandika barua zao kwa utulivu. Ratiba ilikuwa nzuri, imepigiwa mstari kwa wino. Kwa hiyo kasoro ilikuwa kwa mtu, na mtu wa njia ile alikuwa Nikodemo.

“Sostenes,” Vithaldas, mteja wake mkubwa, alimwambia dukani kwake, akiwa ameegemea majora ya vitambaa, “umeajiri tarishi au konokono? Valimohamed, anayepokea vifurushi vyangu Chemba, analalamika, na mwenye lori ameshakuja mara mbili kunibembeleza nimpe yeye mizigo.”

Sostenes alielewa. Vifurushi vya Vithaldas vikipanda lori, wengine wangefuata, na baiskeli zake zingebaki kuegemea ukuta.

“Ni Nikodemo,” akasema. “Anafungua barua zako, anampelekea mwenye lori habari.”

“Una hakika?”

“Ninayo.”

Jibu lilitoka upesi kuliko alivyotarajia mwenyewe. Vithaldas akaandika mistari miwili kwa Valimohamed: aliyeleta kifurushi hiki ashikwe, akabidhiwe polisi. Barua ikatiwa katikati ya chupa za dawa, na Sostenes akashona.

Nikodemo alikipokea kifurushi kwa mikono miwili, kama desturi yake. Siku hiyo hata mikono miwili ilimtia Sostenes wasiwasi. Mtu mwenye moyo safi ana haja gani ya adabu nyingi hivyo? Akamwacha atangulie, kisha akachukua baiskeli ya pili na kumfuata kwa mbali, maana shaka yake haikushiba, ilitaka kuona.

Walipita Nkuhungu, vumbi jekundu likiwa bado limening’inia nyuma ya gurudumu la Nikodemo. Karibu na korongo, Nikodemo alishuka ghafla. Akachungulia mbele, akaangalia kushoto na kulia, kisha akajitwika baiskeli begani na kujitosa katika kichaka cha migunga.

Moyo wa Sostenes uliruka, na kilichomwaibisha baadaye ni kwamba uliruka kwa furaha. Akamfuata akiinama, miiba ikimrarua mikono. Alimkuta amechuchumaa peke yake, amegeuzia korongo mgongo, na kifurushi amekikumbatia kifuani.

“Mwenzako yuko wapi?” Sostenes alinguruma.

“Inama, bwana! Atatuona!”

“Nani?”

Nikodemo alishusha sauti. “Mama mkwe.”

Sostenes alichungulia kati ya matawi. Mchangani mwa korongo kavu, wanawake walikuwa wakifukua maji kwa vibuyu, na mmoja, mzee, alikuwa amejifunika uso kwa kaniki akiwa ameipa barabara kisogo. Naye alikuwa amemwona mkwewe, naye alikuwa akimpisha.

Sostenes hakuhitaji kuelezwa. Yeye mwenyewe kila aendapo ukweni, kule Mkonze, huzungukia nyuma ya zizi ili asikutane uso kwa uso na mama wa mkewe.

“Kila safari?”

“Kila safari tangu uiweke saa mbili. Alfajiri hapakuwa na mtu. Sasa ndiyo saa yao ya maji. Nangoja mpaka ndoo zijae, au nazunguka huko kwenye miiba.”

“Na hukusema!”

“Niseme nini? Kwamba kibibi kimoja kinanitoa barabarani? Ungenichekea mbele ya Bwana Vithaldas.”

Sostenes alitazama kitambaa. Mwiba ulikuwa umekwisha kukitoboa pembeni. Akatoa kisu kidogo mfukoni. “Nipe hicho.”

Nikodemo alirudi nyuma. “Bwana, kimeshonwa.”

“Nimekishona mimi. Nipe.”

Mshono wa kwanza ulikatika kwa sauti ndogo, na Sostenes akahisi kama amekata kitu kilicho hai. Akatoa ile barua. Angeweza kuichana, vidole vilikwisha kuishika pande mbili. Lakini Nikodemo, aliyesoma miaka miwili shule ya misheni, alikuwa akimtazama. Sostenes akampa.

Nikodemo alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipomaliza akarudia tangu mwanzo. Kisha akaikunja mara nne na kuitia katika mfuko wake wa shati, akaufunga kifungo.

“Nikifika Chemba na kifurushi kilichokatwa,” aliuliza, “niseme nani amekikata?”

“Useme ni mimi.”

“Nani ataniamini?”

Kule korongoni wanawake walikuwa wakijitwika ndoo na kuondoka. Sostenes alirudisha chupa mahali pake, akafunga kitambaa kwa fundo.

“Basi twende wote,” akasema. “Nitamweleza Valimohamed kwa kinywa changu, na safari ijayo utatoka alfajiri.”

Nikodemo alisukuma baiskeli hadi barabarani, akasimama kando, akampisha.

“Tangulia, bwana,” akasema kwa adabu ile ile. “Mimi nitakuwa nyuma, nikuone.”