Nta Kwenye Ubao wa Bravin

Mji wa tatu ulikuwa na mgahawa mmoja, kanisa moja na kituo kidogo cha mafuta, sawa na ile miwili tuliyoipita tangu asubuhi. Kila mji tulisimamisha gari kando ya ziwa, Anti Velma akashuka na picha ya mwanawe Bravin mkononi, nami nikamfuata na skafu yake, maana kila mara aliisahau kwenye kiti.

Huku ughaibuni wanaliita ziwa, lakini ukisimama ukingoni huoni ng'ambo. Maji ni ya kijivu, miamba ni myeusi, na ingawa ilikuwa Aprili, barafu ilikuwa bado imeng'ang'ania mawe. Humo ndani, mbali kidogo, vichwa vya watu waliovaa nguo nyeusi za mpira vilielea vikingoja mawimbi. Siku ya upepo mbaya ndiyo siku yao njema. Bravin aliijua raha hiyo alipokwenda kusoma chuo Duluth, mji ulio ukingoni mwa ziwa hilo: kusimama juu ya ubao na kubebwa na wimbi, katika maji ambayo mtu mwingine asingenawia hata mikono.

Novemba aliingia peke yake, hakutoka. Gari lake lilikutwa ufukweni, ufunguo umefichwa juu ya tairi. Polisi walitafuta mpaka ziwa likaanza kuganda.

Kwao Kakamega, mtu akipotea na mwili usipatikane, hukatwa shina la mgomba, likawekwa kwenye jeneza na kuzikwa kwa jina lake, ili watu walie na msiba uishe. Baba mdogo wa Bravin, Mzee Solomon, alikuwa amepanga iwe Jumamosi.

"Shemeji," alimwambia Anti Velma kwa simu, nami nikisikia, "mama mzee anamuulizia kila asubuhi. Nyumba hii haijalala tangu Novemba. Tupe ruhusa."

"Mzike mgomba, halafu mwanangu abishe hodi kwangu Champlin?" alijibu. "Hapana. Mpaka nione kitu kwa macho yangu."

Mimi ndiye niliyemwambia twende. Nilikuwa nimehitimu masomo ya ustawi wa jamii mwezi Desemba, na niliamini kwamba mtu akiulizwa kwa upole atasema analolijua. Labda kuna aliyemwokota. Labda aligonga kichwa kwenye mwamba akasahau jina lake, yuko kwa watu wema mahali fulani. Mambo kama hayo hutokea, nilimwambia Anti. Sikuwa nikimfariji tu. Niliamini.

"Anti, kula sambusa basi," nilimwambia tulipokuwa njiani.

"Nikila, nani ataangalia barabara? Wewe mwenyewe una-drive kama mtu aliyebeba mayai."

"Si ulisema nisikimbize gari?"

"Nilisema usikimbize. Sikusema tufike Krismasi."

Nilicheka. Yeye hakucheka, lakini alikata kipande cha sambusa, akakishika mpaka kikapoa.

Katika mji wa kwanza vijana wawili walitoka majini na barafu kwenye ndevu. Waliitazama picha, wakatikisa vichwa. Mji wa pili, mmoja alimkumbuka. "Alikuwa akianguka anacheka," alisema. "Tulikuwa tunamsikia kutoka mbali." Anti Velma alimshukuru kwa adabu, kama anavyowashukuru wazee anaowauguza kazini, kisha akakaa garini muda mrefu bila kufunga mkanda.

Katika mji huu wa tatu, mwenye mgahawa alikuwa mama wa makamo, nywele zake bado zina maji ya ziwa. Alipoiona picha hakutikisa kichwa. Aliweka chini birika la kahawa.

"Njooni nyuma," alisema.

Tulipita jikoni tukaingia kwenye gereji yake. Mbao za mawimbi zilikuwa zimesimamishwa ukutani, na mmoja ulikuwa umelazwa juu ya meza. Ulikuwa mweupe, umevunjika ncha, na karibu na mkia palikuwa na stika iliyochubuka, chui wa AFC, timu ya mpira ya kwao. Katika mbao zote za ukanda ule, chui huyo angeweza kuwekwa na mtu mmoja tu.

"Umesukumwa na barafu ufukweni juzi," alisema yule mama. "Nimewapigia polisi, nangoja waje. Nikasema angalau niusafishe. Sikutaka familia iuone ukiwa mchafu."

Kwenye meza palikuwa na kwangulio la plastiki na vumbi la nta. Wanapaka nta juu ya ubao ili miguu isiteleze. Nusu ya mbele alikuwa ameshaikwangua, inang'aa. Akaliokota lile kwangulio, labda kwa kukosa la kufanya na mikono yake.

"Wacha!" alisema Anti Velma.

Alisema kwa Kiswahili, lakini yule mama aliacha. Kwao Kakamega, vitu vya aliyekufa havisafishwi wala nyumba yake haifagiliwi kabla hajazikwa. Anti hakuwa amewahi kufagia chumba cha Bravin. Siku zote aliniambia ni kwa sababu atarudi.

Aliinama juu ya nusu iliyobaki. Nta ilikuwa ya kijivu, imekandamizwa, na katikati yake palikuwa na alama ya kiatu cha mpira, kubwa, kisigino kimetoka nje na vidole vimeingia ndani.

"Mguu wake wa kushoto," alisema taratibu. "Alizaliwa nao hivi. Nimeukanda kwa mafuta mwaka mzima, haukunyooka."

Akaigusa ile kamba inayofungwa mguuni. Ilikuwa imekatika.

"Mtu akiachana na ubao," alimuuliza yule mama kwa Kiingereza, "hapo mbali, Novemba?"

Yule mama aliliweka chini lile kwangulio. Akaangalia dirishani, maji yalikokuwa.

"Anti," nilisema, "labda—"

"Jedidah. Wacha labda."

Nilimfunga skafu yake, naye akaniachia nimfunge.

Polisi alikuja, akapiga picha, akaandika, akaturuhusu kuuchukua. Anti alimpigia Mzee Solomon simu akiwa amesimama pale gereji.

"Msikate mgomba," alisema.

Nilisikia sauti ya Mzee Solomon ikipanda. "Amepatikana?"

"Umepatikana ubao wake. Una mguu wake. Huo ndio nitakaowaletea." Akaupima ubao kwa macho. "Jumamosi haitawezekana, mtanisubiri. Lakini wachimbaji waambie wachimbe kaburi refu, Solomon. Ubao wenyewe unampita Bravin."

Tuliulaza ndani ya gari, kutoka mlango wa nyuma mpaka karibu na kioo cha mbele, ukapita katikati yetu. Niliwasha gari, hewa ya moto ikaanza kutoka. Anti aliweka kiganja juu ya ile alama, akakiondoa upesi, akakitazama.

"Inayeyuka," alisema. "Zima hita."

Niliizima. Champlin ilikuwa mbali. Tulikwenda na baridi, pumzi zetu zikiganda kwenye vioo, nami nikifuta kwa mkono wa sweta nipate kuiona barabara.